ATUGAWAYE SI MWENZETU



Enoch Powell aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1950. Mwaka 1959, baada ya mahabusu 11 kupigwa hadi kufa kambini Hola, alisimama Bungeni akasema haiwezekani kuwa na haki moja Uingereza na nyingine Afrika. Kwa hilo, ahsante.

Lakini tarehe 20 Aprili 1968, mjini Birmingham, aliwageukia wahamiaji weusi na Wahindi: wafungiwe mlango, na waliokwisha ingia washawishiwe kurudi makwao. Siku tatu baadaye makuli wa bandari ya London waligoma, wakaandamana hadi Bungeni kumtetea. Mgomo ule haukudai hata senti moja ya mshahara!

Ndugu, mwanasiasa akikusifu, kwanza tazama anamtukana nani. Mara nyingi ni mfanya kazi mwenzako.