Msituambie "Ni Muziki Tu"

Vijana wenzangu, juzi tulikaa Nsambya kupanga kipindi chetu cha redio. Mkubwa mmoja akasema: "Dakika za redio ni pesa. Tuweke habari na matangazo. Muziki wa nini? Hiyo ni starehe tu." Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nakataa, na nasema kwa nini.

RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993. Ilivuta watu kwa utani na muziki mtamu, hata ule wa kwetu Zaire. Vijana wakaipenda. Sumu ilipozidi, masikio yalikuwa yameshazoea. Mwaka 1994, watu wakichinjwa, nyimbo za Simon Bikindi zilikuwa zinapigwa humo humo. Mwaka 2008 mahakama ya Arusha ilimfunga miaka 15. Kilichomfunga ni maneno aliyotoa kwa kipaza sauti barabarani, lakini majaji walikubali pia kwamba nyimbo zake zilitumika kuchochea.

Sasa jamani, wauaji walijua nguvu ya wimbo, halafu sisi tunaotaka amani ndio tuite starehe?

Angalieni hapa hapa tunapopanga. Habari ikisomwa, mama anaendelea kufua. Rumba ya zamani ikipigwa, mkono unasimama ndani ya beseni. Na yule jirani ambaye hatusalimiani naye sababu ya kabila, naye anaitikia kutoka mlangoni kwake. Wote wawili wamerudi nyumbani kwa dakika tano. Hapo ndipo uwaambie habari ya chanjo, ya shule, ya karatasi za ukimbizi. Watasikia.

Mtu atauliza: wimbo si unaweza pia kuwasha moto? Ndiyo, unaweza! Ndiyo maana hatuwezi kumwachia yeyote achague peke yake. Ukisema muziki ni kitu kidogo, hutauchunga, na asiyechunga zizi asilaumu fisi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Nusu ya kipindi iwe muziki. Nyimbo zichaguliwe na vijana wa makabila yote, wa Kivu na wa Ituri, wakikaa meza moja. Na wimbo wowote unaotukana watu wa kabila fulani usipigwe, hata kama mdundo wake unatuchezesha sisi wote.

Kikao kijacho nitayarudia haya mbele ya mkubwa wetu, kwa heshima. Nani atasimama na mimi?