Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu miaka ya 1990, vijiji vya Mlima Meru kama Ng'iresi na Mulala vimekuwa vikipokea watalii, kuwatembeza katika migomba na mibuni, na kula nao chakula cha nyumbani. Loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na kuchanganywa na maziwa mgando, huingiza fedha kijijini. Ndugu zetu wa Visiwani, ambako watalii wengi hula hotelini, wanalo la kuiga.

Lakini hapana loshoro pasipo mahindi, wala mahindi pasipo maji. Mto Nduruma hugawanywa kwa mifereji tangu mlimani. Katikati yako mashamba makubwa ya maua, na wakulima wadogo wa tambarare hufikiwa mwisho. Kiangazi huwakuta na maji haba.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezitambua jumuiya za watumia maji. Viongozi hawana budi kuziimarisha, na zamu ya mfereji imbane mwenye shamba kubwa sawa na mwenye ekari moja. Mwenyeji aliyekaukiwa hana cha kumkirimu mgeni.