Makaburi ni Wajibu wa Halmashauri

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba utamaduni ni ngoma na vinyago tu. Kwa fikra hiyo makaburi huachiwa wafiwa na viongozi wa dini, na halmashauri hujiona imetimiza wajibu wake ikishaonyesha mahali pa kuchimba. Fikra hiyo ni potofu, na hatuna budi kuipinga.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilizipa mamlaka za miji kazi ya kuanzisha na kusimamia makaburi. Kabla ya hapo, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 iliruhusu makaburi yahamishwe pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Hata hivyo, sheria hiyo haikuliona kaburi kuwa shimo tu: katika fidia ya jamaa iliingiza gharama za kuzika upya na za matambiko. Kwa hiyo Bunge lilikiri kwamba marehemu ana heshima yake, na walio hai wana mila zao.

Basi kwa nini heshima hiyo ingoje siku ya kuhamishwa? Mara nyingi hupimwa kwanza viwanja vya nyumba na maduka. Makaburi hukumbukwa mwisho, yakapewa bonde linalotuama maji. Na pasipo daftari la mazishi, jembe la mchimbaji hukutana na mifupa ya mtu mwingine.

Nairobi ni funzo kwetu. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, halmashauri ya jiji ilinunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283 za Kenya. Ikadhihirika kuwa ardhi ile ni ya mwamba, haifai kuzikia, na mwaka 2010 jambo hilo likawa kashfa ya taifa. Anayetafuta makaburi maiti akiwa mlangoni hununua chochote, kwa bei yoyote.

Watasema fedha hazipo. Daftari lina gharama gani? Na ardhi huwa rahisi kabla mji haujaifikia, si baada yake.

Walimu na wanafunzi wana kazi hapa. Waende kwa diwani wao, waombe ramani ya mji, wamwulize: makaburi ya miaka hamsini ijayo yako wapi? Asipoweza kuyaonyesha kwa kidole, wajue kwamba kazi haijaanza.