Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kalamu moja isitoboe vidole vya wengi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kila inapokaribia Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, meza za kupima sukari bure huwekwa viwanjani, misikitini na makanisani. Nawashukuru kwa dhati wanaoziweka. Wapo waliojua hali zao hapo, kabla macho na figo hazijaharibika.

Lakini kwenye baadhi ya meza hizo nimeona jambo linalonitia hofu. Mhudumu ana kalamu moja tu ya kutobolea, ile ya springi. Akimaliza mtu, huchomoa kisindano, huweka kipya, kisha hubonyeza kwenye kidole cha anayefuata. Watu hutulia kwa kuwa wameona sindano imebadilishwa. Kumbe kifuniko cha kalamu, kile kinachogusa ngozi, ni kilekile, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kubeba virusi vya homa ya ini B. Virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Huko Marekani, baada ya wazee kuambukizana katika makao ya kuwatunzia, mamlaka za afya zilionya mwaka 2010 kwamba kalamu hiyo isitumike kwa zaidi ya mtu mmoja, hata sindano ikibadilishwa.

Wengi wanaojipanga kwenye foleni hizo ni watu wazima. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto wetu mwaka 2002, wakati wengi wao walikwishakua, kwa hiyo hawakuipata utotoni.

Kifaa salama kipo: lanseti ya kutumia mara moja, inayojifunga. Sindano ikishatoboa hurudi ndani na haitoki tena, hata mtu akitaka. Na zahanati zetu zimezoea kumtoboa kila mgonjwa kwa lanseti yake akipimwa malaria. Sukari isiwe na kanuni nyingine.

Usisahau majumbani, Mheshimiwa. Mama na mwanawe wote wana kisukari, kalamu ni moja. Aliyewapa kipimo cha sukari hakuwaambia kwamba hiyo ni hatari.

Nakuomba utoe waraka kabla ya Novemba ijayo: asiye na lanseti za kujifunga na boksi la kutupia sindano asiruhusiwe kupima umma. Bohari ya Dawa isambaze lanseti hizo hadi zahanati za vijijini, na kila anayepewa kipimo cha sukari aambiwe waziwazi kwamba kalamu haiazimwi, hata kwa mtoto wake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi