DEBE LA JUMATATU

Ndugu wanakijiji wa Kabungu,

Imani ya Kikristo si ngeni kwetu. Pale Karema mapadre wapo tangu mwaka 1885. Jumapili kanisani tunajaa. Jumatatu je? Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea walioona Sabato inachelewa kuisha, wapate kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Hapa hapa kwetu, mwenzetu akiishiwa chakula mwezi wa pili anakopeshwa debe lililobonyezwa kitako. Mavuno yakifika anadaiwa madebe mawili, tena ya kumwagika. Na anayedai yumo kwaya! Sisi viongozi nasi tumenyamaza, maana wengine ni shemeji zetu. Tunashauri anayekopesha na anayekopa waje wote kwenye mizani ya ushirika. Kilo ziandikwe, zirudi hizo hizo.