Ghala limejaa, mtoto amedumaa: Iringa kuna nini?

Wadau, kuna takwimu imenikaa kichwani toka niisome. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unasema Tanzania nzima watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Si haba, maana 2010 walikuwa 42. Sasa panda Iringa: 57! Njombe 50, Rukwa 50. Na Iringa hiyo hiyo mwaka 2015-16 ilikuwa 42. Yaani nchi inashuka, wenyewe wanapanda.

Na hii ndiyo mikoa inayolisha Dar. Mahindi, maharage, viazi, siku hizi na parachichi. Kwa hiyo hadithi ya ukame haiingii hapa.

Mimi naona tatizo ni muda wa mama. Msimu wa shamba anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mtoto wa miezi 8 anabaki na dada yake wa miaka 7 na uji wa sembe uliopikwa asubuhi, mwepesi kama maji. Tumbo lake ni dogo, anatakiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, yeye anapata mara mbili. Mayai yapo, ila yanaenda gulioni kutafuta hela ya sabuni. Na tusifichane, kuna nyumba hela ya mahindi inaishia kwenye ulanzi.

Tena udumavu hauanzi kwenye uji. Binti wa miaka 17 anashinda na chai na andazi, damu imepungua, akibeba mimba anajifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Huyo mtoto akishavuka miaka 2, urefu uliopotea kwa sehemu kubwa haurudi. Akikua akaja mjini kwenye chipsi na soda, kisukari na presha vinamwinda kuliko mwenzake.

Kinachoniuma ni kwamba Iringa hii hii (Njombe ikiwa bado ndani yake) mwaka 1983 ilianza mradi wa lishe na UNICEF na WHO, kwa hela za Italia, vijiji 168. Watoto wanapimwa uzito kijijini, halafu kijiji kinakaa kujiuliza huyu kapungua kwa nini. Vikawekwa na vituo vya kulelea watoto mama akiwa shambani. Utapiamlo mkali ukashuka, dunia ikaja kujifunza.

Leo je? Mkataba wa lishe waliosaini wakuu wa mikoa 2017 uliitaka halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka 5. Buku, tena kwa mwaka! Hata ikitoka yote, ikiishia kwenye semina na mabango ya makundi ya vyakula, nani atamlisha yule mtoto saa 5 asubuhi? Mimi ningeanza na vile vituo vya kulelea watoto, na akina baba wachangie unga wa lishe kama wanavyochangia harusi.

Wa Mafinga, Makete, Ludewa, nyie mnaoishi huko, mnasemaje?