Nesi Naye Ana Haki Juu Yetu



Ndugu zetu wa Kigali, wazazi na wanafunzi, mwaka jana tulimuuguza mzee wetu mmoja wa Biryogo katika hospitali ya mjini hapa. Usiku wa mwisho nesi wa zamu, binti wa Kikristo, alimketisha mke wa mzee kwenye benchi, akamshika mkono, akamwambia wazi kwamba huenda mumewe asifike asubuhi. Kisha akatugeukia sisi: "Kibla chenu kiko upande gani?" Tukamwonesha kaskazini, kidogo mashariki, naye akatusaidia kugeuza kitanda.

Watoto waliokuwa Musanze walipigiwa simu, wakawahi. Mzee akawatajia deni alilokuwa akidaiwa na jirani, ambalo hata mkewe hakulijua. Lau nesi yule angeficha, deni lile lingekwenda naye kaburini. Na sisi mara ngapi tunaambizana, "Msimwambie mama, atazimia"? Tunadhani tunamhurumia, kumbe tunamnyima wasia na kuagana.

Liko pia suala la morfini. Uganda, tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, morfini ya maji imewapunguzia wengi maumivu ya saratani, na manesi waliofunzwa wameruhusiwa kuiandika wenyewe. Rwanda nayo iliweka sera ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona mwaka 2011. Lakini wapo miongoni mwetu wanaoikataa wakisema ni ulevi, mgonjwa akalia usiku kucha na jamaa wakalia naye. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameijuzisha kwa dharura, kwa kipimo cha daktari. Aliye na shaka aulize, lakini asimuulizie mgonjwa akiwa tayari anagaragara.

Tuseme kweli, adabu zetu wodini si nzuri. Tunaingia watu kumi na watano, tunasoma Yaasin kwa sauti na jirani wa kitanda cha pili anatafuta usingizi, kisha tunamfokea nesi mwenye wodi nzima mikononi kwa kuwa amechelewa na dripu. Hatumuulizi hata kama amekula.

Na wazazi wetu, binti akisema anataka kusomea uuguzi mnanuna. Mnasahau Rufaydah al-Aslamiyyah (Radhiya Allaahu 'anhaa), aliyewatibu majeruhi katika hema lake Madinah, na Sa'd bin Mu'aadh (Radhiya Allaahu 'anhu) akapelekwa kwake baada ya vita vya Khandaq. Tunataka wake zetu wahudumiwe na wanawake, ila binti wa jirani ndiye asome! Sisi walimu tuna wasichana madrasa wenye moyo huo, na tutawasemea.

Mjane wa yule mzee alipomaliza eda alipika pilau, akampelekea nesi wodini. Alikuta zamu imebadilishwa. Akarudi tena Alhamisi.